Triza Hajui Kusoma

Nimco alipohama, hakuna mtu darasani aliyefikiri kwamba Triza ndiye angeumia. Nimco alikuwa msichana mkimya aliyekaa dawati moja na Triza tangu gredi ya tatu. Baba yake alipohamisha duka lake kutoka mtaa wa Kware kwenda Eastleigh, upande mwingine wa Nairobi, familia nzima ilimfuata katikati ya muhula wa pili. Mwalimu Kiarie alikata jina lake kwenye rejista, akamsogeza mtoto mwingine kwenye nafasi yake, na masomo yakaendelea. Gredi ya sita ilikuwa na watoto tisini na nane. Akitoka mmoja, pengo halionekani.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya mradi wa kilimo. Alama za mradi zilitakiwa kutumwa kwa mtandao kabla ya mtihani wa kitaifa wa mwezi wa kumi, kwa hivyo Kiarie alikuwa amewagawa watoto wake katika makundi kumi na mawili na kuwatoa nje, nyuma ya vyoo, mahali pekee palipokuwa na udongo. Kila kundi lilipewa gunia, samadi ya kuku, kopo lisilo na kitako, mawe madogo, na kadi yenye hatua saba za kutengeneza bustani ya gunia. Kiongozi wa kundi asome, wenzake wafuate.

Triza aliongoza kundi la tano. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kwa umri wake, na sauti yake ilifika mbali bila yeye kuipaza. Wageni wakija shuleni, ndiye aliyesimama kuwakaribisha. Siku hiyo aliishika kadi kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, kisha akaanza kuwaelekeza wenzake: wewe leta udongo, wewe mwaga samadi, wewe shika gunia lisianguke. Kumbe macho yake yalikuwa kwa kundi la nne. Kundi la nne likasahau kusimamisha kopo la mawe katikati ya gunia, na kundi la tano nalo likasahau.

Kiarie alipowafikia alimimina maji juu ya gunia lao. Maji yakatuama, hayakushuka. Akamwambia Triza awasomee wenzake hatua ya nne.

Triza akasoma bila kukwama kwamba hatua ya nne ni kuchanganya udongo na samadi vizuri, kisha kujaza gunia mpaka juu. Alitua pale panapotakiwa kutua, akainua sauti pale panapotakiwa kuinuliwa. Msichana aliyesimama begani pake akacheka kidogo. "Ticha, hiyo haiko hapo," akasema.

Kiarie akamwambia Triza arudie. Akarudia vilevile, neno kwa neno. Mwalimu akasogea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza la hatua ya nne, akamwuliza hilo ni neno gani. Lilikuwa *simamisha*. Triza alikitazama kidole cha mwalimu, akaitazama kucha yake iliyojaa chaki, akatazama gunia.

"Changanya," akasema.

Kundi la tano likaangua kicheko, na la nne likacheka kwa sababu la tano limecheka. Kiarie hakucheka. Alimpa kadi mtoto mwingine, akamwambia Triza amngoje darasani wakati wa mapumziko.

Darasani alimpa kitabu cha gredi ya pili. Triza alizijua herufi zote. Alisoma *mama*, akasoma *baba*, akasoma *kuku* kwa msaada wa picha. Kuanzia hapo alikuwa akibahatisha. Kiarie akamwuliza amefikaje gredi ya sita, naye akajibu kwamba Nimco alikuwa akimsomea kwa kunong'ona. Mara moja tu, kwa sababu yeye akisikia kitu mara moja hakisahau. Hata kuandika, Nimco ndiye aliyemwandikia, au yeye alinakili umbo la herufi kama anavyochora ua.

Kiarie alikuwa amemfundisha tangu gredi ya nne. Ripoti saba za Triza zilikuwa na sahihi ya Kiarie. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wake, akahisi aibu ambayo hakujua aipeleke wapi. Mwishowe akamwambia amlete mzazi.

Mamake Triza, Nabiswa, alipakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na alipoomba ruhusa msimamizi wake hakumkatalia. Alimwonyesha tu wanawake waliokuwa wamejipanga nje ya geti, akamwambia aende salama, mmoja wao atashika nafasi yake. Njia nzima hadi shuleni Nabiswa aliomba isiwe mimba. Kiarie alipomweleza, jambo la kwanza alilohisi ni nafuu. La pili, hakuelewa.

"Mwalimu, huyu ndiye huongoza nyimbo kanisani. Na kitabu ameshika mkononi."

Kiarie akamwambia ampe kitu ambacho mtoto hajawahi kukisikia, aone mwenyewe.

Nabiswa akauliza polepole, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua. "Na wewe ulikuwa wapi, mwalimu?"

"Nilikuwa mbele yao, mama. Wako tisini na saba. Nikimpa kila mmoja dakika moja asome, kipindi kimeisha na wengi bado hawajafungua mdomo."

"Ripoti zinasema anafanya vizuri."

"Kwa mradi, kwa kuzungumza, kwa kushirikiana na wenzake, anafanya vizuri. Sikuandika uongo." Kiarie alivua miwani akaifuta kwa tai. "Lakini sikuandika yote."

Jumamosi mchana, baba yake Triza alipotoka kazini, Nabiswa alifunga mlango wa chumba chao cha ghorofa ya sita pale Kware, akatoa kitabu cha nyimbo. Makokha alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na macho yake yalikuwa mekundu kama kila siku. Alikuwa ameambiwa habari hiyo tangu Jumatano lakini hakuiamini. Mkewe alifungua kitabu, akamkabidhi Triza, akamwambia awasomee.

Triza akasoma ubeti mzima wa wimbo wa Pasaka. Makokha akamgeukia mkewe.

"Si huyo anasoma?"

Nabiswa alikichukua kitabu kutoka mikononi mwa mtoto, akamwekea mumewe mapajani. Ukurasa ulikuwa wa nyimbo za mazishi. Makokha aliutazama muda mrefu. Nje, kwenye kolido, mtu alikuwa akiburuta ndoo za maji, na sauti yake ilisikika mpaka ilipofika mwisho wa ngazi.

Hakupiga kelele. Aliuliza ni nani aliyekuwa akiangalia madaftari ya huyu mtoto. Nabiswa akamjibu kwamba kila ripoti ina mahali pa sahihi ya mzazi, na zote alitia yeye Makokha, huku akiwapigia jirani simu kuwasomea maneno mazuri yaliyoandikwa. Makokha akasema kwamba yeye alisoma kilichoandikwa. Wakarushiana lawama hivyo kwa muda, kwa sauti ya chini kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba, mpaka Triza aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda pamoja na mdogo wake Vivian akasema kitu.

"Nilidhani itakuja yenyewe."

Wakamtazama.

"Wenzangu ilikuja yenyewe," akasema. "Nikawa nangoja yangu."

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya chakula, Nabiswa alifuta meza na kufungua kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la saba kule Kimilili, na alifundisha alivyofundishwa: ba, be, bi, bo, bu. Triza hakukataa. Alikaa wima, akaweka kidole chini ya neno, akalikokota. Tatizo lilikuwa Vivian. Alikuwa gredi ya pili, na alikuwa amejifunza kusoma kama anavyojifunza kuruka kamba, bila mtu kujua ni lini. Triza alipokuwa bado anahangaika na silabi ya pili, Vivian alikuwa ameshalitamka neno zima kutoka kitandani.

Mamake alimkanya. Vivian akajitahidi kunyamaza, lakini midomo yake ilicheza. Jioni moja Triza alifunga kitabu polepole, akakiweka mbali naye.

"Mama, mwambie Vivian atoke."

Chumba kilikuwa kimoja. Kutoka ni kwenda kukaa kwenye kolido, palipo na baridi na harufu ya jiko la mafuta la jirani. Nabiswa akamtoa. Mtoto wa miaka minane akakaa nje ya mlango kila jioni kwa muda wa wiki sita, akiadhibiwa kwa kujua kusoma, na mara nyingi alipoingizwa ndani alikuwa amelala.

Kiarie naye alijaribu. Aliwapima watoto wake wote kimyakimya, akapata thelathini na mmoja walio kama Triza au karibu yake. Alianzisha kipindi cha saa ya chakula cha mchana, na siku ya kwanza walikuja kumi na tisa. Wiki ya pili akapewa pia darasa la mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Kisha zikaja karatasi za mazoezi ya mtihani, nazo zilihitaji saa hiyo hiyo ya mchana. Kipindi kile hakikufungwa na mtu yeyote. Kilikosa tu kufanyika Jumatatu moja, halafu Jumanne, halafu hakuna aliyekiulizia tena.

Kufikia mwezi wa tisa Triza aliweza kusoma sentensi ya maneno manne. Akifika neno la nne, alikuwa amesahau la kwanza. Ni ajabu, kwa sababu alichosikia hakusahau kamwe. Nabiswa alipiga hesabu ya siku zilizobaki kabla ya mtihani, akaomba tena ruhusa kiwandani, akapoteza tena siku.

Mwalimu mkuu aliitwa Maina, mtu mzito mwenye sauti ya taratibu. Alimkaribisha kiti. Nabiswa hakukaa.

"Naomba umrudishe nyuma," alisema. "Gredi ya tatu, gredi ya pili, popote utakapoona. Asifanye huo mtihani."

Maina alikuwa amekaa ofisi hiyo miaka tisa. Wazazi walikuwa wamekuja kulalamika kwamba watoto wao wameshushwa, wamepigwa, wamenyimwa uji. Hakuna aliyewahi kuja kuomba mtoto wake aanguke. Alimweleza kwa upole kwamba kurudia darasa hakuruhusiwi siku hizi, na kwamba gredi ya tatu ilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili. Aliona hayo hayamwingii, akageuza kompyuta ili mama aone mwenyewe.

"Huyu hapa Triza. Nambari yake, picha yake. Mtandao wenyewe unampeleka gredi ya saba mwezi wa kwanza, afanye vizuri, afanye vibaya. Mimi sina mahali pa kubonyeza nimrudishe."

"Nani ako na hapo mahali?"

Maina alifikiri kwa kweli. Alitaja ofisi ya elimu ya eneo, akataja wizara, kisha akajikatiza mwenyewe. "Sijui, mama," akasema.

Nabiswa akauliza kuhusu kituo cha kuwapima watoto wenye shida ya kusoma, ambacho Kiarie alikuwa amemtajia. Maina akaandika barua hapo hapo. Kituoni walimpa tarehe ya mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata. Jirani mmoja akamwambia juu ya shule ya mabati kule Pipeline ambayo ingempokea na kumketisha na watoto wa gredi ya tatu. Nabiswa alikwenda kuiona. Karo yake kwa muhula ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba ya miezi miwili. Hata hivyo alimwambia Triza, na Triza akasema afadhali akae nyumbani afue nguo za watu.

Kabla Nabiswa hajatoka ofisini siku ile, Maina alimsimamisha. Alitaka ajue kwamba kwenye siku ya maombi ya watahiniwa, Triza ndiye atakayetoa hotuba ya shukrani. Nabiswa akamsihi amwondoe. Maina akasema programu imekwisha kuchapishwa, na kwamba kumwondoa kungewafanya watu waulize kwa nini.

Siku ya maombi ilikuwa Ijumaa. Wazazi walikalia viti vya plastiki vilivyokodishwa, na mchungaji aliombea kalamu zote kwa pamoja zikiwa ndani ya beseni. Makokha alikuja na koti lake la arusi. Triza alipoitwa alisimama mbele ya watu mia tatu akiwa na karatasi mbili ambazo Kiarie alikuwa amemwandikia, na ambazo Kiarie huyo huyo alikuwa amemsomea mara moja, siku iliyotangulia, mlango wa darasa ukiwa umefungwa.

Aliwashukuru walimu kwa kuwashika mkono kutoka kwenye giza. Aliwashukuru wazazi kwa jasho lao. Mahali fulani katikati aligeuza ukurasa, kwa wakati wake kabisa. Wanawake wakafuta machozi kwa leso, na mama mmoja aliyekaa nyuma ya Nabiswa akamgusa bega, akamwuliza kama huyo ni wake. Nabiswa akaitikia kwa kichwa. "Umebarikiwa," akaambiwa. Makokha alipiga makofi kuliko wote. Nabiswa alimtazama akipiga makofi, akaona kwamba kwa dakika hizo tano mumewe alikuwa amesahau kabisa, na hakuwa na moyo wa kumkumbusha. Kiarie alikuwa amesimama ukutani pamoja na walimu wengine. Hakupiga makofi, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mtihani ulichukua siku tatu. Kila jioni Nabiswa alimwuliza Triza ulikuwaje, naye akasema ulikuwa sawa. Siku ya mwisho alieleza zaidi. Karatasi nyingi zilikuwa za kuchagua jibu kwa kutia penseli ndani ya kisanduku, na yeye alikuwa ametia vizuri, bila kuvuka mstari, mpaka msimamizi akamsifu kwa usafi. Alimaliza mapema kuliko wengi. Muda uliobaki alikaa akimtazama msichana wa dawati la mbele aliyekuwa akisoma, jinsi macho yake yalivyokwenda upande huu, yakarudi, yakaenda tena.

"Yanaenda haraka sana, mama," alisema. "Sijui anayapeleka aje hivyo."

Matokeo yalitoka Desemba. Katika masomo mawili ilionyeshwa kwamba amekidhi matarajio, na katika mengine kwamba anakaribia, ngazi moja tu chini. Kiswahili alikaribia. Kiingereza alikaribia. Jirani wa upande wa kulia alileta soda kubwa, na wa ghorofa ya nne akapanda ngazi kuja kumpa mkono. Makokha alipokea pongezi akiwa mlangoni. Walipoondoka alikaa chini akasema labda mtoto ameshika kitu bila wao kujua, labda mtihani umeona wasichoona wao. Nabiswa akamimina soda, akampa Vivian, akampa Triza, akarudisha iliyobaki kwa Makokha. Triza alikunywa yake yote, kisha akaosha glasi.

Shule yao haikuwa na madarasa ya kutosha ya gredi ya saba, kwa hivyo nusu ya watoto walipelekwa shule nyingine upande wa pili wa barabara ya Outer Ring. Triza alikuwa miongoni mwao. Asubuhi ya siku ya kwanza walitembea pamoja, yeye na mamake. Sketi ilikuwa mpya na ndefu, imenunuliwa imtoshe miaka mitatu. Nabiswa alikuwa ameamua. Alikuwa na barua ya kituo ndani ya kipochi, na alikusudia kuwaambia walimu wapya kila kitu, siku hiyo ya kwanza kabisa, kabla hawajampenda.

Walipofika kwenye kona ya shule Triza alisimama.

"Mama, usiwaambie."

Nabiswa akamwambia kwamba wasipojua hawatamsaidia.

"Kule walijua," Triza akasema. "Tangu ile siku ya gunia, mpaka watoto wa gredi ya kwanza walikuwa wananiita Changanya. Ticha Kiarie alijua. Mwalimu mkuu alijua. Walinisaidia aje?" Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kukaribisha wageni. "Huku hawanijui. Wacha kwanza niwe mtu wa kawaida. Hata kama ni muhula mmoja."

Nabiswa alikibana kipochi kwapani. Waliingia. Kulikuwa na foleni ndefu ya wazazi, na mwishoni mwake meza, na kwenye meza mwalimu kijana aliyejitambulisha kama Ticha Kui. Alikuwa mchangamfu, na tayari amechoka. Aliandika jina, akaandika nambari ya simu, akauliza kanisa, akauliza mtoto ana mzio wa chakula chochote. Kisha akageuza fomu akauliza swali la mwisho bila kuinua kichwa. Kuna jambo lolote kuhusu mtoto ambalo shule ingefaa kujua?

Mkono wa Nabiswa ulikuwa juu ya kipochi. Nyuma yake foleni ilisogea, mtu akamsukuma kidogo. Triza alikuwa amesimama kando ya meza akiwatazama wasichana waliokuwa wakicheka karibu na bomba la maji, na mmoja wao, asiyemjua, alikuwa amempungia mkono. Triza naye akapunga. Kisha akageuka akamtazama mamake.

"Hakuna," Nabiswa akasema.

Ticha Kui akatia alama, akamwonyesha mahali pa sahihi, akaita anayefuata.

Nabiswa alifika kiwandani akiwa amechelewa saa nzima, lakini kwa kuwa ilikuwa siku ya kufungua shule, msimamizi alimwacha aingie. Wenzake wa mezani walimwuliza alikotoka. Aliwaambia alikuwa akimpeleka mtoto wake mkubwa gredi ya saba. Wakaacha biskuti kidogo, wakavua glavu, wakampa mkono wa pongezi mmoja baada ya mwingine, naye akaipokea mikono yote, akisema asante, asante, mpaka mashine ilipowashwa tena.